Senti Tisa za Kakao: Vitabu vya Kusoma Ukiwa na Chokoleti Mkononi

Pande la chokoleti ya maziwa lenye uzito wa gramu 100 na kakao asilimia 30 lina gramu 30 tu za kakao. Kiwandani punje hukaangwa na kumenywa maganda, na kwa kawaida gramu 100 za kakao safi hudai gramu 125 za punje kavu. Kwa hiyo pande letu lilianza na gramu 37 na nusu. Punje kavu ina uzito wa gramu moja hivi, na tunda moja la kakao hutoa punje 30 hadi 40. Pande moja la chokoleti ya maziwa, tunda moja la kakao: shika kipimo hicho, maana kinatosha kupimia karibu kila kilichoandikwa juu ya biashara hii.

Sasa tia bei. Kwa miaka kadhaa kabla ya 2023, tani moja ya kakao katika soko la New York ilicheza kati ya dola 2,000 na 3,000 na ushei. Kwa dola 2,500 kwa tani, gramu 37 na nusu ni senti 9 za Marekani. Desemba 2024 bei ilivunja rekodi zote, ikapita dola 12,000, na punje zilezile zikawa za senti 45. Chokoleti nyeusi ya asilimia 70 inakula punje 88; hiyo ilitoka senti 22 ikafika dola moja na senti tano. Mwishoni mwa 2025 tani ilikuwa imerudi karibu dola 6,000.

Maana yake ni kwamba katika miaka ya kawaida, mnunuzi wa Ulaya aliyetoa dola moja kwa pande la chokoleti ya maziwa alilipia kakao senti tisa. Senti 91 zilikwenda kwingine: sukari, maziwa, kiwanda, meli, kodi, matangazo, faida ya kampuni na ya duka. Na hizo tisa ni bei ya soko la dunia, mkulima hazimfikii zote. Ripoti ya Cocoa Barometer ya mwaka 2015 ilikadiria kwamba mkulima anabaki na asilimia 6.6 ya bei ya pande dukani. Katika miaka ya 1980 fungu lake lilikuwa asilimia 16.

Wapenzi wa chokoleti wakiomba orodha ya vitabu hupewa vya mapishi na riwaya za mapenzi. Havina ubaya. Mimi lakini kitabu cha chokoleti nakipima kwa swali moja: je, kinanionyesha senti tisa zile zilitoka jashoni mwa nani, na zile 91 ziliingia mfuko gani? Kwa kipimo hicho vitabu kadhaa maarufu vinashuka chini ya rafu, na vingine ambavyo watu hawavitaji vinapanda juu. Karibu vyote vinapatikana kwa Kiingereza, ama kwa asili ama kwa tafsiri, na majina yake nimeyaacha kama yalivyo ili yakusaidie kuvitafuta.

Punje zilipokuwa fedha

Wa kuanza naye ni Sophie Coe. Alikuwa mwanahistoria wa vyakula, akatumia miaka yake ya mwisho kukusanya habari za kakao, akafariki mwaka 1994 kabla hajamaliza. Mumewe, Michael Coe, mtaalamu wa akiolojia ya Wamaya, alikamilisha kazi kutoka kwenye maandishi aliyoyaacha mkewe, na mwaka 1996 kikatoka *The True History of Chocolate*. Ni kitabu cha wasomi kinachosomeka kwa raha, jambo ambalo si la kawaida.

Raha yake kubwa, kwa mtu wa hesabu, ni orodha ya bei za soko la Tlaxcala, Meksiko, ya mwaka 1545. Wakati ule punje za kakao zilikuwa fedha. Bata mzinga jike mzuri alikuwa punje 100 zilizojaa, au 120 zilizosinyaa. Dume lilikuwa punje 200. Yai la bata mzinga, punje tatu. Parachichi lililochumwa sasa hivi, punje tatu. Likishaiva kabisa, punje moja. Nyanya kubwa moja, punje moja. Waazteki walihesabu punje kwa mafungu ya 8,000, na mafungu matatu, yaani punje 24,000, ndiyo yaliyokuwa mzigo wa mchukuzi mmoja. Kwa gramu moja kila punje, mzigo huo ni kilo 24, uzito ambao mtu aliyewahi kubeba ndoo kubwa ya maji kichwani anaujua vizuri. Mchukuzi wa Meksiko ya kati alilipwa punje 100 kwa siku.

Palipo na fedha hapakosi fedha bandia. Matapeli walitoboa punje, wakakomba ndani, wakajaza udongo na kuziziba tena. Coe anasimulia hayo kwa utulivu wa mtu aliyeona nyaraka nyingi, na ndiyo maana unamwamini.

Hebu tumchukue mkulima wa Ivory Coast wa leo tumpeleke Tlaxcala. Akiwa na hekta tatu na kuvuna kilo 450 kwa hekta, kiasi cha kawaida Afrika Magharibi, anapata kilo 1,350 kwa mwaka: punje milioni moja na laki tatu na nusu. Gawa kwa siku 365, unapata punje 3,700 kwa siku, sawa na bata mzinga 37 kila siku ya Mungu. Sokoni Tlaxcala angekuwa bwana mkubwa. Kule kwake Soubré au Daloa ni maskini, na vitabu vinavyoeleza kwa nini viko mbele kidogo.

Mishahara ya Bwana Wonka

Kabla ya hapo kuna kitabu ambacho kila orodha hukitaja, *Charlie and the Chocolate Factory* cha Roald Dahl, kilichotoka Marekani mwaka 1964. Wengi wanajua filamu zake: tiketi tano za dhahabu zimefichwa ndani ya chokoleti, watoto watano, kiwanda chenye mto wa chokoleti. Wachache wanakumbuka habari ya wafanyakazi. Willy Wonka anaibiwa siri na wapelelezi wa viwanda vingine, anafukuza vibarua wake wote, kisha analeta watu wafupi kutoka mbali, Oompa-Loompa, wanaokubali kulipwa kwa punje za kakao.

Katika toleo la kwanza watu hao walikuwa Waafrika weusi, mbilikimo waliotolewa katikati ya msitu na kusafirishwa hadi kiwandani. Lawama zilipozidi Marekani, Dahl aliandika upya sehemu hizo, na toleo la 1973 likawageuza kuwa watu weupe wa nchi ya kubuni. Mshahara haukubadilika. Kwa kipimo cha Tlaxcala, punje 100 kwa siku ni gramu 100 za kakao, ambazo kwa bei ya dola 2,500 kwa tani ni senti 25. Kiwanda kikubwa kuliko vyote duniani, na wafanyakazi wake ni wa senti 25 kwa kichwa!

Dahl hakuwa mgeni wa bara hili. Mwaka 1938, akiwa kijana wa miaka 22, alifika Dar es Salaam kama mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell, akajifunza Kiswahili, na vita vilipoanza mwaka 1939 akaenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Hayo yamo katika *Going Solo* cha 1986, ambacho kwa msomaji wa pwani yetu kina mengi ya kuchekesha na machache ya kuudhi. Upande wa chokoleti aliuandika katika *Boy* cha 1984: alipokuwa mwanafunzi wa bweni Repton, kampuni ya Cadbury iliwapa kila mwanafunzi boksi lenye chokoleti 12, 11 kati yake mpya, wazionje na kuzipa alama. Mbegu ya Wonka ilianzia hapo. Mwanao akikipenda *Charlie*, mwache akipende, anastahili. Wewe mzazi soma na historia ya yale mabadiliko ya 1973.

Robo ya peni

Mwaka 1909, mjini Birmingham, baraza la wazee wa mahakama lilitakiwa kukadiria thamani ya heshima ya kampuni ya Cadbury. Likasema ni *farthing* moja, robo ya peni. Pauni moja wakati ule ilikuwa na robo 960 za namna hiyo.

Kisa chenyewe ni hiki. Cadbury, familia ya Waquaker waliojulikana kwa wema, waliojenga kijiji cha Bournville kwa ajili ya wafanyakazi wao, walikuwa wakinunua kakao nyingi kutoka visiwa vya São Tomé na Príncipe, koloni la Ureno. Visiwa hivyo vililimwa na watu waliochukuliwa bara, Angola, chini ya mikataba ambayo hawakuisoma na safari ambayo hawakurudi. Kwa jina walikuwa vibarua. Kwa hali walikuwa watumwa. Minong'ono iliwafikia Cadbury mapema miaka ya 1900. Mwaka 1905 William Cadbury alimtuma Joseph Burtt kwenda kuchunguza. Naye alikaa visiwani, akapita Angola, akafika hadi Msumbiji na Transvaal, na ripoti yake ikawa tayari mwaka 1907. Kususia ununuzi kulikuja mwaka 1909. Hesabu miaka mwenyewe.

Gazeti la The Standard liliandika kwamba kampuni ilijua na ikaendelea kununua. Cadbury wakashtaki kwa kuchafuliwa jina. Walishinda kisheria, ndipo wakapewa ile robo ya peni.

Vitabu viwili vinasimulia kisa hiki. *Chocolate on Trial* cha Lowell Satre, 2005, kinakaa zaidi mahakamani na katika barua za kampuni. *Chocolate Islands* cha Catherine Higgs, 2012, kinamfuata Burtt njia nzima na picha zake. Mimi nampendelea Higgs, kwa sababu anamwonyesha Burtt akibadilika: alifika akiwa tayari kuwaamini wenye mashamba, akaondoka akiwa hawezi tena. Kwa sisi wa pwani kisa hiki kina uzito wa pekee. Miaka ileile karafuu za Unguja na Pemba zilikuwa ndiyo kwanza zinatoka kwenye kazi ya watumwa, na maswali ya nani atazichuma, kwa malipo gani, na chini ya mkataba upi, yalikuwa yaleyale.

Ratili 80

Kakao ya Ghana ina hesabu nzuri kuliko zote. Mwaka 1891 koloni la Gold Coast liliuza nje ratili 80 za kakao, kilo 36. Kwa kipimo chetu hizo zinatosha kutengeneza chokoleti za maziwa 960. Miaka 20 baadaye, mwaka 1911, iliuza tani zipatazo 40,000 na ikawa ya kwanza duniani.

Nani alifanya hivyo? Vitabu vya shule vilimtaja Tetteh Quarshie, fundi chuma aliyeleta mbegu kutoka kisiwa cha Fernando Po mwishoni mwa miaka ya 1870 akazipanda Mampong, na baada yake vikaisifu serikali ya Waingereza. Polly Hill, mwanauchumi Mwingereza na mpwa wa John Maynard Keynes, hakuridhika. Alitembea kwa miguu mashamba ya kusini mwa Ghana, akapima vipande vya ardhi, akasoma hati za mauzo, akawahoji wazee. *The Migrant Cocoa-Farmers of Southern Ghana*, 1963, kinaonyesha kwamba waliofanya kazi ile walikuwa wakulima wenyewe, waliojiunga makundi, wakachanga fedha, wakanunua misitu mbali na kwao, wakavuna, na faida wakanunulia misitu mingine. Walikuwa wafanyabiashara wanaofikiria miaka kumi mbele, na mkakao wenyewe unadai hivyo, kwani hauzai kabla ya mwaka wa tatu hadi wa tano.

Kitabu ni kigumu. Kina ramani za mashamba, majedwali, majina ya ukoo baada ya ukoo, na sura nyingine unaweza kuziruka bila dhambi. Nakipendekeza hata hivyo kwa kila anayezungumza juu ya mkulima wa Kiafrika kana kwamba ni mtu wa kufundishwa hesabu.

Hekta tatu na watu sita

Turudi kwa yule mkulima wa Ivory Coast. Msimu wa 2023/24 ulipofunguliwa, serikali ilitangaza bei ya shambani ya faranga za CFA 1,000 kwa kilo. Kilo zake 1,350 zilimpa faranga milioni moja na laki tatu na nusu, ambazo kwa faranga 600 kwa dola ni dola 2,250 kwa mwaka. Bado hajatoa dawa ya wadudu, mbolea, vibarua wa kuvunja matunda. Nyumba yenye watu sita inapata dola moja na senti tatu kwa kila mmoja kwa siku, kabla ya gharama.

Huko nyuma ya pazia soko lilikuwa linawaka. Mvua zilizopitiliza, kisha ukame, ugonjwa wa kuoza matunda, kirusi kinachovimbisha matawi na kuua mti, mikakao iliyozeeka, na upande wa Ghana wachimbaji dhahabu wanaogeuza mashamba kuwa mashimo: vyote viligonga kwa pamoja. Mavuno ya Ghana yalishuka hadi tani laki tano na ushei, ilhali miaka mizuri nchi hiyo ilivuna karibu milioni moja. Mwishoni mwa Machi 2024 tani ilipita dola 10,000 New York. Mkulima wetu alikuwa bado analipwa faranga 1,000 kwa kilo, karibu dola 1,670 kwa tani, kama asilimia 17 ya bei ya soko.

Huo haukuwa wizi wa siku moja. Ghana na Ivory Coast huuza sehemu kubwa ya mavuno mapema, miezi mingi kabla ya kuvunwa, ili serikali iweze kumtangazia mkulima bei moja ya msimu mzima. Bei ikishuka, mkulima anakingwa. Bei ikipaa, anabaki chini akiitazama. Aprili 2024 bei ya shambani ilipandishwa hadi faranga 1,500, Oktoba 1,800, Aprili 2025 ikawa 2,200, na Oktoba 2025 ikafika 2,800, wakati ambapo soko la dunia lilikuwa limekwisha kuporomoka. Bei ya mkulima hutembea nyuma ya soko kwa msimu mzima, kwenda na kurudi.

Wa kukuelewesha mambo haya ni Órla Ryan. Alikuwa ripota wa Reuters nchini Ghana, na *Chocolate Nations*, kilichotoka 2011, ni kitabu kifupi kisicho na machozi ya bure. Anapita serikalini, kwenye kodi, kwenye bodi za mazao, kwenye ushirika wa Kuapa Kokoo wa Ghana ulioanzishwa 1993, kwenye vita vya Ivory Coast vilivyogharimiwa kwa kakao. Anaposhika suala la chokoleti yenye nembo ya biashara ya haki, anauliza swali ambalo wenye nembo hawalipendi: ongezeko lile, likigawanywa kwa kila mkulima, ni shilingi ngapi?

Carol Off, mwandishi wa habari wa Kanada, alimtangulia kwa *Bitter Chocolate*, 2006. Huyu ana hasira zaidi, na ana sababu. Anafuatilia kisa cha Guy-André Kieffer, mwandishi wa habari Mfaransa na Mkanada aliyekuwa akichimbua ufisadi wa fedha za kakao, aliyetoweka Abidjan tarehe 16 Aprili 2004 na hajaonekana tena. Pia anaeleza ahadi ya mwaka 2001, ambapo makampuni makubwa, yakisukumwa na wabunge wawili wa Marekani, Harkin na Engel, yalisaini kwamba ajira mbaya za watoto zitaondolewa ifikapo 2005. Tarehe ilisogezwa, ikasogezwa tena. Utafiti wa NORC, Chuo Kikuu cha Chicago, uliotolewa 2020, ulikuta watoto milioni 1.56 wakifanya kazi kwenye kakao katika Ghana na Ivory Coast, wengi wao kazi za hatari: mapanga, dawa, mizigo inayowazidi.

Wengi wa watoto hao wanafanya kazi kwenye mashamba ya wazazi wao. Ukikumbuka ile dola moja na senti tatu, unajua kwa nini baba haajiri mtu mzima. Mwaka 2019 nchi hizo mbili zilikubaliana kudai nyongeza ya dola 400 kwa kila tani, kuanzia msimu wa 2020/21. Kwenye pande letu la gramu 100, nyongeza hiyo ni senti moja na nusu. Ni senti moja na nusu ambayo wanunuzi walibishana nayo kwa kupunguza malipo mengine ya ubora.

Wenye senti 91

Upande wa makampuni, kitabu ni *The Emperors of Chocolate* cha Joël Glenn Brenner, 1999, juu ya Hershey na Mars. Kinasomeka kama riwaya ya kijasusi, na vioja vyake ni vya kweli: Mars waliofunga milango hata kwa waandishi wa habari, na peremende za M&M's za 1941 ambazo M ya pili ni ya Murrie, mtoto wa rais wa kampuni pinzani ya Hershey. Somo la kihesabu ni lile pande la Hershey la senti tano. Bei hiyo ilidumu zaidi ya miaka 60, hadi Novemba 1969. Kakao ilipopanda, kampuni haikugusa bei. Iligusa uzito, hadi pande likawa robo tatu ya aunsi, gramu 21. Ujanja huo uko hai. Mwaka 2016 Toblerone ya gramu 170 ya Uingereza iligeuka gramu 150 kwa kuachanisha vilima vyake, na mwaka 2025 biskuti za Penguin na Club zilipunguziwa kakao kiasi kwamba sheria haikuruhusu tena ziitwe za chokoleti. Sheria yenyewe si kali kihivyo: Marekani chokoleti ya maziwa inatakiwa kuwa na rojo la kakao asilimia 10 tu.

Deborah Cadbury, wa ukoo uleule, ameandika *Chocolate Wars*, 2010. Kina huruma kwa mababu kupita ninavyopenda, ila mwisho wake una tarakimu ya kukumbuka: Januari 2010 Kraft ya Marekani ilikubaliana kuinunua Cadbury kwa pauni bilioni 11.5, kama dola bilioni 19. Mwaka huo dunia nzima ilivuna kakao tani milioni 3.6, ambazo kwa bei ya wakati ule, dola 3,300, hazikufika dola bilioni 12. Kampuni moja ilikuwa na thamani kubwa kuliko mavuno ya mwaka mzima ya wakulima wote wa kakao walio chini ya jua.

Riwaya, kwa wanaozitaka

*Chocolat* ya Joanne Harris, 1999, ndiyo inayopendwa kuliko zote: mwanamke anafungua duka la chokoleti katika kijiji cha Ufaransa wakati wa Kwaresima, padri anakasirika. Ni nzuri, inanukia, na kakao ndani yake haina shamba. *Como agua para chocolate* ya Laura Esquivel, 1989, ina sura 12 za miezi 12, kila moja na pishi lake. Sura yenye pishi la chokoleti ni ya Septemba peke yake, kwa hiyo mlafi ajue amenunua kumi na mbili apate moja.

Mwandishi wa kweli wa riwaya za kakao ni Mbrazili Jorge Amado, aliyezaliwa mwaka 1912 kwenye shamba la kakao Bahia. *Cacau*, 1933, ni ya vibarua. *Terras do Sem-Fim*, 1943, ni ya mabwana shamba wanaouana kwa ajili ya msitu, na ni bora zaidi. Ardhi aliyoiandika ilipigwa baadaye na pigo jingine: ukungu uitwao ufagio wa mchawi uliingia Bahia mwaka 1989, na katika miaka kumi Brazili ikashuka kutoka tani laki nne hivi kwa mwaka hadi kama laki moja.

Na kakao yetu

Tanzania haifikishi hata nusu ya asilimia moja ya kakao ya dunia. Sehemu kubwa inatoka Kyela, mkoani Mbeya, na nyingine bonde la Kilombero, Morogoro. Uganda inavuna zaidi, hasa Bundibugyo, na ng'ambo ya mpaka kuna Beni na Ituri, ambako Wakongo wanaozungumza Kiswahili huvuna kakao huku risasi zikilia. Kyela siku hizi huuza kwa mnada, kupitia vyama vya ushirika na stakabadhi ghalani. Hakuna serikali inayotangaza bei moja ya msimu, kwa hiyo bei ya dunia ilipopaa 2024 wakulima wa Kyela waliiona mapema kuliko wenzao wa Ivory Coast. Iliposhuka, waliiona mapema pia.

Kilombero kuna Kokoa Kamili, kampuni iliyoko Mbingu inayonunua kakao mbichi kutoka kwa wakulima, kuivundika na kuikausha mahali pamoja kwa ajili ya watengenezaji wadogo wa nje wanaolipa zaidi kwa ubora. Mmoja wao ni Dandelion wa San Francisco, ambaye huandika jina la shamba na nchi kwenye karatasi ya pande. Dandelion wana kitabu chao, *Making Chocolate*, 2017, na kwa anayetaka kutengeneza chokoleti nyumbani kwa punje za Kyela ndicho kinachofaa: kinaeleza kukaanga kwa oveni ya kawaida, kumenya kwa kikausha nywele, kusaga kwa mashine ndogo ya Kihindi ya kusagia nafaka iliyoloweshwa. Pande la kuanzia la asilimia 70 linataka matunda mawili na nusu. Mti mmoja, ukizaa kilo moja ya punje kavu kwa mwaka, utakupa mapande kumi na moja.

Mswisi wa kawaida anakula karibu kilo 11 za chokoleti kwa mwaka, mapande 110, mikakao minne hadi mitano ikimtumikia yeye peke yake. Sisi tunaotoka nchi inayotoa punje tunaweza walau kusoma.

Kama fedha yako inatosha kitabu kimoja tu, nunua *Chocolate Nations* cha Órla Ryan. Zikibaki, ongeza Coe. *Chocolat* azima kwa rafiki. Nanyi wachapishaji wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala: Ryan atafsiriwe kwa Kiswahili, na nakala za kwanza zipelekwe kwenye ofisi za ushirika za Kyela kabla ya mnada ujao.